Pipa linanuka, funza wanatoroka: nimekosea wapi?

Swali, kwa ufupi: Ninafuga kuku 200 wa mayai. Kila siku napata kama kilo 50 za maganda ya matunda, mboga zilizooza na mabaki ya jikoni. Nilishauriwa nifuge nzi chuma, funza wawe chakula cha kuku na mabaki yawe mbolea. Nikanunua funza wadogo, nikawamwaga kwenye mapipa mawili, nikawa najaza taka kila siku. Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Sasa mapipa yananuka mpaka jirani analalamika, funza wanapanda kuta usiku na kutoroka, na mbolea niliyojaribu kwenye miche imeiunguza yote. Je, kweli funza wanaweza kuchukua nafasi ya chakula cha kununua, au nimejiingiza kwenye jambo lisilowezekana?

Jibu:

Ndugu yangu, pole kwa miche, na pole kwa maneno ya jirani. Jambo lako linawezekana kabisa. Hayo matatizo matatu yana mzizi mmoja: umepima taka lakini hukuhesabu funza. Ufugaji huu, uwe wa beseni moja nyuma ya nyumba au wa kiwanda kizima, unasimama juu ya uwiano kati ya idadi ya funza na kilo za chakula wanachopewa. Uwiano ukivurugika, hakuna dawa ya harufu itakayokuokoa.

Nianze na mdudu mwenyewe, maana tabia zake ndizo zinazoeleza yaliyokupata.

Nzi chuma, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Hermetia illucens, alielezwa kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Asili yake ni bara la Amerika, ila siku hizi yuko karibu kila nchi yenye joto. Ni mweusi, urefu wake sentimita moja na nusu hadi mbili, na ukimwona mara ya kwanza utadhani ni nyigu. Hana mwiba, haumi, wala hana haja ya kuingia ndani na kutua kwenye sahani, kwa sababu akishakuwa nzi mzima hahitaji kula. Anakunywa maji tu. Mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza ndiyo yanayombeba kwa wiki moja au mbili za kupandana na kutaga, kisha anakufa. Ndiyo sababu funza wake ni mlafi kiasi kile: anakula chakula cha maisha yake yote.

Jike hutaga mkupuo mmoja wa mayai, kwa kawaida 400 hadi 800. Hayaweki juu ya taka zenyewe. Hutafuta ufa mkavu karibu na panaponuka uozo, akayapanga humo. Baada ya siku 3 au 4 yanaanguliwa. Funza anayetoka ni mdogo mno, ukimweka kwenye karatasi nyeupe utadhani ni alama ya kalamu. Kukiwa na joto zuri anakula kwa muda wa wiki mbili au zaidi kidogo, akafikia urefu wa sentimita mbili na uzito wa gramu 0.2 hivi. Kisha rangi yake ya malai inageuka kahawia, halafu nyeusi. Akishakuwa mweusi hali tena. Mdomo wake unakuwa kama kulabu ya kujivutia, utumbo wake unasafishika, na anahama kutafuta pakavu penye giza ajifiche awe pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nzi. Huyu mweusi mkumbuke, nitamrudia.

Sasa tuje kwenye mapipa yako.

Funza anapumua hewa kama sisi. Anazama kwenye chakula akiwa amebakiza mkia juu, kwa sababu vitundu vikuu vya kupumulia viko huko nyuma. Katika tabaka la sentimita 5 anafika kila mahali, anageuza, anaingiza hewa, na uozo haupati nafasi ya kushika. Ukimwekea pipa lenye kina cha goti, anashughulikia juu tu. Chini yake kunabaki shimo lisilo na hewa, na humo bakteria wasiohitaji hewa wanachachusha kila kitu. Harufu anayoisikia jirani yako inatoka huko chini, kwenye taka ambazo hakuna funza aliyezigusa. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kwa kuwa taka zilikuwa bado chache. Kila ulipoongeza kilo 50 juu ya zile ambazo hazijaliwa, ulikuwa unazika za jana.

Kipimo ninachokitumia ni cha Eawag, taasisi ya utafiti ya Uswisi ambayo imeandaa mwongozo wa vitendo kwa ajili ya miji yenye taka nyingi na fedha kidogo. Chukua kreti ya sentimita 60 kwa 40. Weka funza 10,000 wenye umri wa siku 5. Hao watakula kilo 15 za taka mbichi kwa siku 12, na utawapa kwa mafungu matatu ya kilo 5 yenye nafasi ya siku chache kati yake. Basi. Hakuna kuongeza kila siku kwa sababu tu taka zimefika.

Tuliweke hilo kwenye hali yako. Kilo 50 kwa siku ukizigawa kwa 15 unapata kreti tatu na kidogo, yaani funza kama 33,000 wapya kila siku. Kila kreti inakaa siku 12. Kwa hiyo wakati wowote utakuwa na kreti 40 zinazofanya kazi. Arobaini! Nadhani hapo umeona ukubwa wa jambo: umeipa kazi ya kreti 40 mapipa mawili. Kreti zinaweza kupandwa rafu juu ya rafu, mradi kuna nafasi ya hewa kupita kati yake, hivyo zisikutishe kwa eneo. Ila lazima uzione kwa idadi yake.

Kuhesabu funza 10,000 si kazi ya mmoja mmoja. Wachekeche kwenye wavu mwembamba watengane na chakula chao, changanya vizuri, kisha pima gramu moja kwenye mizani ndogo. Imwage kwenye sahani nyeupe, uhesabu walio humo. Rudia mara tatu, tafuta wastani, halafu zidisha mpaka upate uzito wa 10,000. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na macho yatauma. Baada ya hapo utajua kwamba kikombe fulani, kikijaa hadi alama fulani, ni kreti moja.

Zipo taka ambazo zitakushinda hata ukihesabu vizuri. Funza hana meno ya kukata. Analamba na kukwangua kilicholainika, akisaidiwa na bakteria. Maganda mazima, mabua na majani yenye nyuzi ngumu ataviacha vilivyo, kwa kuwa selulosi na lignini, vitu vinavyozifanya nyuzi hizo kuwa ngumu, hawezi kuvimeng'enya vya kutosha. Katakata au saga taka ziwe vipande vya sentimita moja au mbili, na ukiweza vidogo zaidi. Mimi naona mashine ya kusaga taka ina faida kuliko kifaa kingine chochote utakachonunua, hata kabla ya kibanda kizuri.

Maji nayo yanahitaji jicho. Taka za matunda na mboga zina maji mengi mno. Chukua konzi ya mchanganyiko ukamue kwa nguvu: yakitoka matone machache kati ya vidole, ni sawa. Yakitiririka, ongeza pumba, au vumbi la mbao kama pumba ni ghali. Vumbi la mbao funza hatalila, litafyonza maji tu na kuacha njia za hewa. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji, kwa sababu chakula kikavu hawezi kukilamba.

Kreti iliyo sawa utaitambua kabla ya kuipima. Nenda usiku kukiwa kimya, sogeza sikio. Utasikia mchakacho laini usiokatika, kama manyunyu yanayoanguka juu ya majani makavu. Ingiza vidole: kuna uvuguvugu, na chakula chote kinatembea. Harufu ipo, siwezi kukudanganya kwamba haipo, lakini ni harufu ya udongo uliolowa yenye ukali kidogo. Haivuki ua. Ukiona kreti imenyamaza, juu pameshika utando na chini kuna uji mweusi, acha kulisha. Igeuze, ongeza pumba, gawa kwenye kreti mbili, subiri mpaka mchakacho urudi.

Kuhusu kutoroka, kwanza angalia rangi ya hao wanaopanda ukutani. Kama ni weupe, wanakimbia. Wanakimbia mambo matatu: kukosa hewa, maji na joto. Funza wengi pamoja huzalisha joto lao wenyewe, na katikati ya pipa lenye kina joto linapanda kuliko la nje kwa nyuzi nyingi. Wao wanastawi hewa ikiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Kitanda chao kikikaribia 40 wanaanza kuhama. Usiku mvuke unaganda kwenye kuta za plastiki, na funza hupanda ukuta uliolowa bila shida hata kama ni laini kama kioo. Ukuta mkavu unamshinda. Kwa hiyo punguza kina, acha sehemu ya juu wazi ipitishe hewa lakini ifunikwe na neti, na kandokando ya kreti mwaga ukanda wa pumba kavu upana wa vidole viwili. Watoro wengi wataishia hapo.

Kama ni weusi, hawakimbii kitu. Wamemaliza kula.

Sasa swali lako kuu, chakula cha kuku. Hapa nitakwenda na namba pole pole, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganywa.

Kutoka kilo 100 za taka mbichi, mfugaji mzoefu hupata kilo 12 hadi 20 za funza wabichi. Kiwango cha juu kinahitaji taka nono na mkono uliozoea. Kwa taka zako zenye maganda mengi, panga kwa 14. Kilo 50 zitakupa kilo 7 kwa siku. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, na kikavu ni kama theluthi, yaani kilo 2.3 hivi. Katika ukavu huo protini ni kama asilimia 40 na mafuta kama asilimia 30, ingawa mafuta hupanda na kushuka sana kufuatana na walichokula. Una kilo 0.9 za protini kila siku.

Kuku mmoja wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Kuku 200 ni kilo 22 hadi 24, na chakula kizuri cha kuku anayetaga kina protini asilimia 16 au 17. Wanahitaji basi karibu kilo 4 za protini. Funza wako watatoa robo yake, pungufu kidogo. Robo ya protini, ndugu yangu, si haba hata kidogo, maana protini ndiyo sehemu inayokula fedha katika chakula cha kuku. Lakini anayekuambia kwamba kilo 50 za taka zitaondoa gunia la chakula kabisa hajapiga hesabu hii. Na hata ungekuwa na taka mara nne, nisingekushauri uwape funza tu. Wana mafuta mengi, kuku ananenepa na kupunguza kutaga. Methionini yao, kijenzi kimoja cha protini ambacho kuku anakihitaji, iko chini kuliko ya unga wa samaki. Wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine, lakini usiondoe chokaa au maganda ya konokono kwa ajili hiyo. Ganda la yai litakuwa la kwanza kukujulisha.

Anza kwa gramu 10 za funza wabichi kwa kila kuku, mchana, baada ya kula chakula chao cha kawaida. Ongeza taratibu kwa wiki mbili mpaka gramu 30 hivi. Andika idadi ya mayai kila siku, uzito wake, na hali ya kinyesi. Ukiona mayai yanapungua au kinyesi kinakuwa cha majimaji, rudi nyuma hatua moja. Kuku hupenda mno funza walio hai, na watu waliofuga kwa muda mrefu watakuambia banda linatulia, kudonoana kunapungua, kwa kuwa kuku anapata kitu cha kukimbilia na kuparua. Mwaga mahali pengi kwa wakati mmoja, la sivyo wababe watakula fungu la wanyonge.

Kama unataka kuweka akiba, wachemshe kwanza kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja au mbili, kisha uwaanike au kuwakausha kwa moto mdogo mpaka ukimvunja mmoja analia kama jani kavu. Kuchemsha kunawaua haraka na kunapunguza vijidudu vya juu ya ngozi. Mafuta yao yana asidi ya lauriki nyingi, ile inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya nazi, lakini yanaharibika yakikaa kwenye joto na unyevu. Ukisikia harufu ya mafuta ya kale, usiwape kuku. Na wewe mwenyewe ziba pua na mdomo unapochekecha vitu vikavu. Vumbi lake husumbua kifua kwa wenye pumu, na mwenye mzio wa kamba au kaa aweke tahadhari zaidi.

Usalama wa taka zenyewe nisipouzungumza nitakuwa nimekukosea. Funza wa nzi chuma hupunguza bakteria kama Salmonella katika kinyesi, hilo limethibitika. Mayai ya minyoo ya utumbo aina ya Ascaris hawayaui. Basi usiwape kuku wako funza waliolelewa kwenye kinyesi cha binadamu au kwenye samadi ya kuku haohao, hata kama funza wanaonekana safi. Sumu ya ukungu ya aflatoksini haijilimbikizi mwilini mwao, lakini kadimiamu, metali yenye sumu, hujilimbikiza, kwa hiyo taka za viwandani au zilizookotwa jalalani pamoja na betri na vyuma ziache. Nyama na samaki watakula, lakini kwa mtu mwenye jirani anayelalamika nisingevigusa.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi: kreti nzima inakufa ghafla wakati kila kitu kiko sawa. Kumbuka funza ni mdudu. Mboga zilizopuliziwa dawa ya wadudu jana zitamuua leo. Samadi ya ng'ombe aliyechomwa dawa ya minyoo jamii ya ivermektini inaweza kumuua pia. Na zipo dawa zinazochanganywa kwenye chakula cha kuku makusudi ili nzi wasizaliane kwenye samadi. Taka kutoka chanzo kipya zijaribu kwanza kwenye beseni dogo kwa siku tatu.

Sheria nazo zinatofautiana. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa wadudu kwenye chakula cha samaki mwaka 2017, na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, lakini mpaka leo unakataza kulisha wadudu hao samadi au mabaki ya jikoni. Kama unakusudia kuuza mayai au funza, ulizia idara ya mifugo ya kwenu kabla hujapanua.

Tuje kwenye miche iliyoungua. Kinachobaki baada ya funza kula ni mchanganyiko wa kinyesi chao, ngozi walizojivua na nyuzi ambazo hawakuziweza. Kwa kilo 50 za taka utabakiwa na kilo 10 hadi 25, kulingana na maji. Macho yanakiona kama udongo mweusi mzuri uliotulia, na hapo ndipo kinapomhadaa mtu. Bado ni kibichi. Kina amonia nyingi, na vijidudu ndani yake bado vinakula kwa kasi, vinaivuta hewa ya udongo ambayo mizizi michanga inaihitaji. Ukiiweka miche humo, inakauka kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Ndivyo ilivyokuwa yako.

Mbolea hiyo iache iive. Ilundike kivulini, inyevunyevu kama sifongo iliyokamuliwa, uigeuze mara moja kwa wiki. Mwanzoni itapata joto. Baada ya wiki nne hadi sita joto linashuka na ule ukali wa amonia unaisha. Usiniamini mimi wala kalenda, ijaribu: jaza konzi mbili kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache siku tatu. Ukifungua ukasikia harufu ya udongo wa msituni, imeiva. Ukisikia ukali puani, rudisha lunduni. Kisha panda mbegu chache zinazoota upesi kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya mbolea kwa tisa za udongo. Zikiota sawa na zile za udongo mtupu, endelea. Hata ikiwa imeiva, kwenye kitalu usizidishe sehemu moja katika kumi. Shambani, kwa mimea iliyokwisha kushika, unaweza kuwa mkarimu zaidi, ukiifukia kidogo badala ya kuiacha juu ya udongo. Zile ngozi zina kitini, kitu kigumu kinachojenga ngozi ya wadudu, na vijidudu vya udongo vitaendelea kuivunja taratibu hata baada ya mavuno.

Kama una samadi ya kuku chini ya banda, hapo pia nzi chuma ana kazi. Mwaka 1994 watafiti wa jimbo la Georgia nchini Marekani, wakiongozwa na Craig Sheppard, walichapisha matokeo ya kuwaacha funza hawa wafanye kazi chini ya vizimba vya kuku wa mayai. Samadi ilipungua kwa nusu, na nzi wa nyumbani walitoweka, kwa sababu jike wa nzi wa nyumbani hukwepa kutaga mahali palipokwisha kujaa funza wa nzi chuma. Funza wa huko watumie kwa mbolea au kwa mbegu ya kizazi, kwa ile sababu ya minyoo niliyoitaja.

Sasa utaanzaje upya? Usianze na kilo 50. Anza na kreti mbili kwa wiki, taka nyingine zitengenezee mboji ya kawaida huku ukijifunza. Mapipa uliyonayo yamwage kwenye turubai kivulini, tandaza unene wa vidole vitatu, changanya pumba kavu, na acha wazi. Kesho yake funza walio hai watakuwa wamejikusanya mahali penye hewa, utawaokota na kuwahesabu. Uji mweusi wa chini uzike kwenye shimo la mboji kwa majani makavu mengi.

Kununua funza kila wiki kutakufilisi. Inabidi uwe na mayai yako. Kwa funza 33,000 kwa siku unahitaji gramu moja na nusu tu ya mayai, maana gramu moja ina mayai kama 35,000 na baadhi yao watakufa wakiwa wachanga. Hao wachanga usiwatupe moja kwa moja kwenye taka. Siku 5 za kwanza walee kwenye bakuli la pumba au chakula cha vifaranga kilicholoweshwa, joto likiwa la kutosha, mahali ambapo sisimizi hawafiki. Sisimizi ndio adui ninayemwogopa kuliko wote. Wakati naanza nilipoteza bakuli sita za wachanga kwa usiku mmoja. Asubuhi nilikuta pumba imelainika vizuri, bakuli safi, na mstari mmoja mwembamba wa sisimizi ukitoka kwenye mguu wa meza. Tangu siku hiyo kila mguu wa meza yangu umesimama ndani ya kopo la maji yenye sabuni, na maji hayo nayaangalia kila jioni kabla ya jambo lingine lolote.

Na mayai yatatoka wapi? Hapa ndipo ninapomrudia yule mweusi. Wale funza weusi unaowakuta ukutani usiku, unaowafagia na kuwamwagia kuku asubuhi, ndio wazazi wa kizazi kijacho. Wamekuja wenyewe, wamejichagua, wamekwisha kusafisha matumbo. Kwa kreti 40 utahitaji kama 600 hivi kila siku. Kwa kreti mbili kwa wiki, mia moja kwa siku wanakutosha na ziada.

Waweke kwenye boksi lenye vumbi la mbao kavu kina cha sentimita 10, lifunike liwe giza totoro, liache wiki mbili. Nzi wakianza kutoka, waunganishe na tundu la neti lenye ukubwa wa mita moja kila upande, mahali panapopata jua la asubuhi, kwa kuwa bila mwanga mkali hawapandani vizuri, na taa ya kawaida ya nyumbani haitoshi. Nyunyizia maji kwenye neti asubuhi na jioni wapate kunywa. Ndani ya tundu weka beseni la taka zinazonuka zilizofunikwa kwa wavu, na juu yake fungu la vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja, katikati ukiacha mwanya wa milimita moja au mbili kwa kupachika vijiti vya kiberiti. Baada ya siku mbili tatu fungua mbao hizo taratibu. Ndani ya nyufa utaona vishada vya rangi ya malai, vimebanana kama punje za mchele uliosagwa. Vikwangue kwa kisu butu, uvipime, uandike tarehe.